Mwongozo kamili wa kutia rangi na kuchapa mazulia ya nailoni na nyuzi nyingine za sintetiki

Rangi ya zulia la sintetiki huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla sufuria haijabandikwa motoni. Huamuliwa na aina ya uzi, na jinsi uzi huo ulivyotengenezwa kiwandani, na kiwango cha asidi kilichomo katika maji. Kiasi cha unga wa rangi unaoupima kwenye mizani huja baada ya hayo yote. Mafundi wengi wanaoingia katika kazi hii wakitokea kwenye batiki na pamba hukuta uzi umetoka na mabaka ingawa waliukoroga muda wote, au umetoka mweupe kama ulivyoingia, wakadhani kwamba wameuziwa rangi mbovu. Mara nyingi rangi ni nzima, na kilichokosewa ni kuupa uzi rangi isiyo yake, au kuupa rangi iliyo yake kwa haraka mno.

Mwongozo huu ni wa fundi mwenye karakana ndogo anayetia rangi kilo chache za uzi wa mazulia, na wa mwanafunzi wa teknolojia ya nguo anayetaka kuelewa sababu za kila hatua. Mfano mkuu ni nailoni, kwa kuwa ndiyo inayopokea rangi vizuri zaidi miongoni mwa nyuzi za sintetiki za mazulia, na ndiyo iliyoukuza mji wa Dalton, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, hadi ukajulikana kama makao makuu ya mazulia, hasa baada ya nailoni ya nyuzi ndefu zilizofutuliwa kuingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950. Poliesta, akriliki na polipropilini zitatajwa mahali pake.

Hatua ya 1: Utambue uzi wako

Usikubali neno la muuzaji peke yake. Kata kipande kidogo cha uzi na ukitumbukize katika glasi ya maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, ukikibonyeza mpaka hewa yote itoke. Polipropilini huelea, kwa sababu uzito wake ni gramu 0.91 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali nailoni (1.14), akriliki (1.17 hivi) na poliesta (1.38) huzama. Uzi ukielea, kazi ya sufuria imeishia hapo: polipropilini haina sehemu ya kushika rangi, na hakuna asidi wala moto utakaoibadilisha tabia. Rangi yake huchanganywa ndani ya plastiki iliyoyeyuka kabla haijavutwa kuwa uzi, na ndivyo yanavyotiwa rangi mazulia mengi ya polipropilini yanayofumwa kwa mashine huko Gaziantep, Uturuki. Anayetaka polipropilini nyekundu na anunue uzi uliotoka kiwandani ukiwa mwekundu.

Uzi ukizama, ushike kwa koleo juu ya sinia la chuma na usogeze kwenye ndimi za moto. Nailoni hujikunja na kuyeyuka kabla ya kushika moto, na tone lake likiguswa kwa kijiti likiwa bado la moto huvutika kuwa uzi mwembamba, kisha hupoa likawa gumu lenye rangi ya hudhurungi hafifu. Poliesta nayo huyeyuka, lakini hutoa moshi mweusi zaidi na huacha tone jeusi gumu. Akriliki huwaka haraka kwa moto wenye masizi na huacha makaa meusi yanayovunjika vidoleni. Jaribio la uhakika zaidi ni la asidi ya fomiki ya asilimia 85 au zaidi, ambayo huyeyusha nailoni katika joto la kawaida la chumba na kuiacha poliesta ilivyo. Asidi hiyo huunguza ngozi vibaya, kwa hiyo ifanyiwe kazi na mtu mwenye glavu, miwani na sehemu inayopitisha hewa, la sivyo jaribio la moto linatosha.

Kama uzi tayari una rangi na unataka kujua ilitiwaje, uloweke kwa muda katika maji ya blichi yaliyozimuliwa. Nailoni iliyotiwa rangi sufuriani itapauka, ilhali uzi uliochanganywa rangi ndani ya plastiki kwa kawaida utabaki ulivyo.

Hatua ya 2: Uchague rangi inayolingana na uzi

Ncha za molekuli za nailoni zina vikundi vya amini ambavyo, maji yakiwa na asidi, huchukua chaji chanya. Rangi za asidi zina chaji hasi. Hivyo viwili vinavutana, na hiyo ndiyo sababu rangi hizi hung'ang'ania nailoni kama zinavyong'ang'ania sufu. Ukilielewa hili umeelewa nusu ya mwongozo, maana kila utakapoongeza asidi utakuwa unaongeza nguvu ya mvuto, na kila utakapoipunguza utakuwa unaipa rangi nafasi ya kuhama kutoka sehemu moja ya uzi hadi nyingine.

Ndani ya familia ya rangi za asidi kuna makundi yasiyopaswa kuchanganywa ovyo. Zipo zenye molekuli ndogo, ziitwazo rangi za kusawazisha, ambazo huhama kwa urahisi na kutoa rangi tulivu isiyo na mabaka. Zipo zenye molekuli kubwa, ambazo hustahimili maji na kuoshwa lakini zikishashika mahali hazihami. Na zipo zenye metali ndani yake, kwa kawaida kromiamu au kobalti, ambazo husifika kwa kustahimili jua lakini huonyesha kila dosari ya uzi. Kwa zulia la sebuleni au ofisini ninashauri kundi la kwanza, na utatu uliozoeleka zaidi katika viwanda vya mazulia ni Acid Orange 156, Acid Red 361 na Acid Blue 277 au 324. Kwa rangi hizo tatu unapata beji, kijivu, kahawia na kijani kilichofifia, na zote huingia kwenye uzi kwa mwendo unaokaribiana. Jambo hilo la mwendo ni muhimu kuliko uzuri wa kila rangi ikiwa peke yake: rangi ya bluu ikiingia mapema na ya machungwa ikachelewa, kicha, yaani fungu la uzi uliozungushwa, kitakuwa na bluu nje na machungwa ndani.

Nailoni yenyewe nayo si moja. Watengenezaji huuza nailoni yenye vikundi vichache vya amini kwa rangi nyepesi, ya kawaida, na yenye vikundi vingi kwa rangi nzito; na ipo nyingine iliyobadilishwa ili ikatae rangi za asidi na kupokea za kationi, yaani zenye chaji chanya. Ukifuma zulia kwa mchanganyiko wa aina hizo na kulitia katika maji ya rangi mamoja, litatoka na rangi mbili au tatu kwa mpangilio uliopanga. Ukizichanganya bila kujua, litatoka na mistari. Vilevile uzi uliotulizwa msokoto kwa mvuke hupokea rangi kwa kasi kuliko uliotulizwa kwa hewa kavu yenye joto kali. Kwa hiyo nunua uzi wote wa zulia moja kutoka toleo moja la kiwanda, na uhifadhi lebo ya boksi.

Hatua ya 3: Vyombo na maji

Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu. Alumini huliwa na asidi, na chuma cha kawaida huchafua rangi. Utahitaji mizani inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu, kipimajoto kirefu, karatasi za kupimia pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi), mitungi yenye alama za mililita, na fito mbili laini za kutundikia vicha. Vyombo hivi visirudi jikoni kupikia chakula. Unga wa rangi ni mwepesi na huruka, kwa hiyo vaa barakoa unapoupima na ufunge feni.

Maji ya visima vingi vya mwambao, Dar es Salaam na Mombasa zikiwemo, ni magumu na mara nyingine yana chumvi. Kalisi na chuma vilivyomo huweza kuishusha rangi iwe chembechembe na kuipunguzia ung'avu. Maji ya mvua yaliyochujwa ni mazuri sana kwa kazi hii. Ukilazimika kutumia kemikali ya kufunga madini kama EDTA, kumbuka kwamba ikizidi huweza kuinyang'anya metali ile rangi yenye metali, na rangi ikabadilika mbele ya macho yako.

Hatua ya 4: Hesabu

Rangi hupimwa kwa asilimia ya uzito wa uzi mkavu, wala si kwa wingi wa maji. Tuchukue kilo 3 za uzi wa nailoni zinazotakiwa kuwa beji ya mchanga, kwa mapishi ya machungwa asilimia 0.12, nyekundu asilimia 0.04 na bluu asilimia 0.05. Asilimia 0.12 ya gramu 3,000 ni gramu 3.6, asilimia 0.04 ni gramu 1.2, asilimia 0.05 ni gramu 1.5.

Viasi vidogo hivyo havipimwi salama kwa kijiko. Yeyusha gramu 5 za kila rangi katika maji ya moto, ukianza na maji kidogo mpaka upate uji usio na madonge, kisha jaza mpaka lita moja. Kila mililita 200 za akiba hiyo zina gramu moja ya rangi. Basi utahitaji mililita 720 za machungwa, 240 za nyekundu na 300 za bluu, na makosa ya mililita mbili tatu hayataonekana kwenye zulia.

Maji yawe mara 20 ya uzito wa uzi, yaani lita 60 kwa kilo 3. Pungufu ya hapo, vicha hubanana na rangi haipiti katikati. Ongeza gramu 30 za kemikali ya kusawazisha (inayoizuia rangi isikimbilie uzi ili iingie sawasawa), ambayo ni asilimia 1 ya uzi, na gramu 90 za salfeti ya amonia, ambayo ni asilimia 3. Kazi ya salfeti hiyo itaelezwa katika hatua ya 6.

Kabla ya kugusa zile kilo 3, tia rangi kicha cha gramu 20 kwa mapishi yaleyale. Uzi uliolowa huonekana mzito wa rangi kuliko ulivyo, kwa hiyo ukaushe sampuli kabisa kabla ya kuilinganisha, na uitazame penye mwanga wa mchana na tena chini ya taa itakayotumika chumbani. Beji inayopendeza uani inaweza kugeuka ya waridi chini ya taa ya LED, na mteja ataiona huko sebuleni kwake, si karakanani kwako.

Hatua ya 5: Kuosha uzi

Uzi hutoka kiwandani na mafuta ya kusokotea. Zungusha uzi uwe vicha vya gramu 200 hadi 300, uvifunge mahali panne kwa uzi wa pamba uliolegea kwa umbo la nane, kisha uvioshe kwa maji ya sentigredi 60 yenye gramu 1 ya sabuni isiyo na chaji na gramu 1 ya soda ash (kabonati ya sodiamu) kwa kila lita, kwa dakika 20. Suuza mara mbili. Fundo likibana sana litaacha alama nyeupe, na alama hiyo itaonekana sakafuni kila mahali uzi ule utakapopita.

Hatua ya 6: Kupika rangi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Nailoni iliyolowa hulegea mapema, na huanza kuvuta rangi maji yakiwa sentigredi 40 tu. Kati ya 50 na 85 mvuto huwa mkali kiasi kwamba, moto ukiwa mwingi na asidi ikiwa kali, rangi karibu yote huweza kuingia katika tabaka la nje la vicha vilivyo karibu na chanzo cha joto kabla vicha vingine havijapata chochote. Kukoroga husaidia, lakini hakuwezi kuponya mwanzo mbaya.

Jaza maji lita 60 pungufu kidogo, yawe ya sentigredi 30. Tia kemikali ya kusawazisha na salfeti ya amonia, kisha vicha vilivyolowa, uvigeuze kwa dakika 10. Pima pH: kwa rangi nyepesi kama beji yetu ianzie 7 hadi 7.5, na kama iko chini ya hapo ongeza amonia tone kwa tone. Kwa rangi ya kati anzia 6 hadi 6.5, na kwa nyeusi au bluu iliyokoza anzia 5 hadi 5.5 kwa kutumia asidi ya asetiki. Wengi hutumia siki kwa kipimo cha macho, nami siipendi desturi hiyo, kwa sababu siki humwagwa yote mara moja na kuifanya rangi nyepesi ikimbilie uzi kabla moto haujapanda.

Toa vicha, mimina rangi zote tatu zikiwa zimechujwa kwa kitambaa, koroga, rudisha vicha. Geuza kwa dakika 10 bila kuongeza moto. Kisha pandisha joto sentigredi 1 kwa dakika, usizidi, ukivigeuza vicha mfululizo ili sehemu iliyokuwa juu ya fito iende chini. Ufikapo 70, simama dakika 10 hadi 15, maana hapo ndipo mahali pa hatari zaidi. Endelea mpaka sentigredi 98.

Wakati huu salfeti ya amonia inafanya kazi yake kimyakimya. Joto huifukuza amonia iruke na mvuke, asidi ya salfuriki iliyounganika nayo hubaki majini, na pH hushuka taratibu kutoka 7 kuelekea 6 au chini kidogo, bila wewe kumwaga kitu. Mvuto unaongezeka polepole kadiri rangi majini inavyopungua. Chombo kisifunikwe kabisa, la sivyo amonia haina pa kutokea.

Kaa katika sentigredi 98 kwa dakika 30 hadi 45. Huu ndio muda wa rangi kuhama kutoka palipokolea kwenda palipopungua, na ndio muda unaopunjwa zaidi na watu wenye haraka. Walioko nyanda za juu wazingatie kwamba maji huchemka kabla ya kufika 98: Nairobi huchemkia kwenye sentigredi 94 au 95 hivi, na Eldoret chini kidogo ya hapo. Waongeze dakika 15 hadi 20, na mapishi ya pwani wayajaribu upya kwa kicha kidogo kabla ya kuyaamini.

Maji yakiwa karibu meupe, rangi imeingia. Yakiwa bado na rangi nyingi, punguza joto hadi 80, ongeza asidi ya asetiki iliyozimuliwa mara kumi, kidogo kidogo, mpaka pH ifike 5.5, upandishe tena kwa dakika 15.

Hatua ya 7: Kusahihisha

Kama rangi ni sahihi lakini ina mabaka, usiongeze rangi. Ongeza amonia au soda ash mpaka pH ifike 8 hadi 8.5 na uchemshe dakika 30 hadi 45. Rangi za kusawazisha zitaachia, zitarudi majini kwa sehemu, zitatawanyika upya; kisha shusha pH polepole kama mwanzo. Njia hii huokoa vicha vingi, ila haisaidii sana kwa rangi za molekuli kubwa au zenye metali. Kama kivuli cha rangi kimepungukiwa, poza maji hadi 70 kabla ya kuongeza chochote, kwani rangi inayomiminwa juu ya nailoni inayochemka hushika pale pale ilipoangukia.

Mistari inayofuata uzi mmoja mmoja si mabaka ya kupika. Hiyo imetoka kwenye matoleo tofauti ya nailoni, na haiponi ila kwa kutia rangi nzito zaidi juu yake.

Hatua ya 8: Kusuuza, kukinga na kukausha

Poza maji taratibu hadi 60 kabla ya kutoa uzi, usuuze kwa maji ya vuguvugu kisha baridi. Kwa rangi nzito, andaa maji mapya yenye asilimia 2 ya kikaza-rangi cha aina ya tanini za viwandani, pH 4 hadi 4.5, sentigredi 70 hadi 75, kwa dakika 20. Kemikali hii huziba milango ya uso wa nailoni, na rangi iliyo ndani haitoki kirahisi.

Kazi yake ya pili ni kuzuia madoa. Rangi nyingi za vinywaji ni rangi za asidi: karmoisini, inayoandikwa E122 kwenye pakiti nyingi za juisi, ni Acid Red 14, na tatrazini, E102, ni Acid Yellow 23. Mtoto akimwaga juisi nyekundu yenye asidi ya sitriki juu ya zulia la nailoni lisilo na kinga, kinachotokea ni kutiwa rangi halisi, ingawa kwa baridi. Nafasi za amini zilizobaki wazi zinapokea alichomwaga. Uzi mweupe na beji ndio unaohitaji kinga hii zaidi, kwa kuwa nafasi zake nyingi ziko wazi. Kinga za florini zinazofukuza mafuta na uchafu ni habari nyingine, nami sishauri mtu azitumie: kemikali za kundi la PFAS hazivunjiki katika mazingira, na zimekutwa katika maji ya Mto Conasauga, unaopita jirani na Dalton.

Kamua kwa mashine ya kuzungusha, tundika kivulini, na uzi usikaushwe juu ya bati lenye jua kali.

Poliesta na akriliki kwa ufupi

Poliesta haina sehemu yenye chaji, kwa hiyo hupewa rangi za kutawanyika, ambazo haziyeyuki sawasawa majini bali huingia ndani ya uzi ukishalegezwa na joto. Kuulegeza huko kunahitaji sentigredi 130 ndani ya chombo chenye mgandamizo, pH 4.5 hadi 5, kwa dakika 30 hadi 45. Baada yake huoshwa kwa gramu 2 za kostiki soda na gramu 2 za sodiamu haidrosalfaiti kwa lita, kwenye sentigredi 70 hadi 80, ili rangi iliyobaki juu juu iondoke. Zipo kemikali za kubeba rangi zinazoruhusu kupika kwa sentigredi 100, lakini nyingi zina sumu na harufu isiyotoka zuliani. Mwenye sufuria ya wazi na aiache poliesta ya kawaida. Aina yake ijulikanayo kwa kifupi kama PTT hupokea rangi kwenye maji yanayochemka bila msaada huo.

Akriliki hupewa rangi za kationi. Chini ya 75 haichukui kitu, kisha hupokea kwa ghafla. Kati ya 80 na 98 joto lipande sentigredi 1 kwa dakika 3, na baada ya kupika lishuke hivyo hivyo hadi 60, vinginevyo uzi hukunjamana na kuwa mkavu mkononi.

Kuchapa juu ya zulia lililokwisha fumwa

Kuchapa ni kutia rangi mahali ulipochagua tu, na kanuni ya asidi na joto ni ileile. Tofauti ni kwamba rangi hubebwa na uji mzito unaoizuia kutambaa, na mvuke huchukua nafasi ya maji yanayochemka. Ugumu wa zulia, usiokuwepo katika khanga, ni kina: rangi lazima ishuke hadi mizizi ya manyoya, kwani ikibaki nchani, mguu wa kwanza utakaoyalaza utaonyesha weupe wa chini.

Zulia liwe la nailoni nyeupe, limenyolewa sawa, limepigwa mvuke ili manyoya yasimame, na mgongo wake usiwe bado umepakwa mpira. Kwa kilo moja ya uji, nyunyiza gramu 10 hadi 12 za unga wa guar (unga wa mbegu unaofanya maji kuwa mazito) katika gramu 700 za maji ya baridi huku ukikoroga kwa nguvu, uuache saa kadhaa uvimbe. Yeyusha rangi pembeni kwa maji ya moto, gramu 2 hadi 10 kulingana na ukolezi, uichanganye pamoja na gramu 5 za kemikali ya kulowesha na kiua-povu kidogo. Rekebisha pH iwe 4.5 hadi 5 kwa asidi ya sitriki, ujazie maji hadi kilo moja, uchuje. Uji ukimiminika kijitini kama uji wa lishe mwepesi, unafaa. Ukianguka kwa madonge, ongeza maji.

Pima uji kwa uzito. Zulia lenye gramu 600 za manyoya kwa mita ya mraba litahitaji kilo 1.2 hadi 1.5 za uji kwa eneo hilohilo, na aliyezoea kuchapa fulana ataona ni wingi wa ajabu, lakini pungufu ya hapo mizizi hubaki mitupu. Tumia skrini yenye matundu makubwa, vuta skwiji (kibao chenye ukingo wa mpira wa kusukumia uji) mara mbili au tatu kwa mgandamizo ulio sawa, anza na rangi nyepesi na umalizie na nzito.

Bila kuliacha likauke, lipitishe katika mvuke uliojaa maji wa sentigredi 100 hadi 102 kwa dakika 8 hadi 10. Karakana ndogo inaweza kutumia sanduku la bati lililofungwa vizuri juu ya maji yanayochemka, ila paa lake liinamishwe na kuwekwa kitambaa, maana tone moja la maji linaloanguka kutoka juu huacha duara lisilofutika.

Kufua ndiko kunakoharibu kazi nyingi nzuri. Rangi isiyoshika bado ni rangi ya asidi, na ikikutana na maji ya moto itaitia rangi sehemu nyeupe. Anza kwa maji mengi ya baridi yenye gramu 1 ya soda ash kwa lita, ili nailoni iikatae rangi inayoelea, uyamwage na kurudia mpaka yatoke safi. Ndipo utumie maji ya vuguvugu, na mwisho maji yenye asidi kidogo ya asetiki. Kausha, kisha upake mgongo.

Viwandani mambo ni hayohayo kwa kasi kubwa. Zulia lenye upana wa futi 12 hulowanishwa, humwagiwa maji ya rangi yenye uzito wa mara tatu hadi nne ya manyoya yake, hupita katika chumba cha mvuke kwa dakika chache, hufuliwa, hufyonzwa maji na kukaushwa bila kusimama. Katika kuchapa, skrini zimeipisha mitambo ya kurusha rangi. Mashine ya Millitron ya kampuni ya Milliken, iliyoanza miaka ya 1970, huruhusu rangi itiririke wakati wote huku pumzi ya hewa ikiikengeusha, na hewa ikikatwa kwa amri ya kompyuta rangi hulifikia zulia. ChromoJet ya kampuni ya Zimmer ya Austria hutumia vali za sumaku. Uji wa mashine hizo ni mwepesi sana kuliko wa skrini, kwa sababu matundu yake ni madogo.

Kupima na kumwaga maji

Kabla ya kumkabidhi mteja, sugua zulia kavu na bichi kwa kitambaa cheupe cha pamba mara kumi kila upande, kwa mfano wa jaribio la ISO 105-X12, na ulinganishe doa na kipimo cha kijivu cha 1 hadi 5. Chini ya 4 kwa kavu, rudi kwenye kusuuza na kukaza. Kwa jua, funika nusu ya sampuli kwa karatasi nene na uiache dirishani pamoja na vipande vya sufu ya bluu ya kipimo, ambavyo kila kimoja hupauka kwa kasi yake inayojulikana. Zulia la ndani lifikie angalau 5 katika kipimo hicho cha 1 hadi 8.

Maji yaliyotumika yaachwe yapoe, yarekebishwe pH iwe kati ya 6 na 8, na yapelekwe kwenye mfumo wa majitaka unaosafishwa, kamwe yasiende mtoni wala kwenye shimo lililo karibu na kisima. Maji ya rangi nyepesi yaliyokwisha kabisa yanaweza kupimwa, kuongezwa rangi na kemikali zilizopungua, na kutumika tena kwa kicha cha rangi nzito zaidi ya kile cha kwanza. Yale yenye rangi za kromiamu yatengwe katika pipa lake na kukabidhiwa kwa mtu mwenye kibali cha kushughulikia taka za sumu.